Bustani ya Wanyama Kisumu: Ni Darasa au Gereza?

Kila mwaka, muhula wa pili unapokolea, barabara zinazoelekea Kisumu hujaa mabasi ya shule. Watoto kutoka Kakamega, Kericho, Kisii, Siaya na hata Eldoret hufungashiwa mkate na soda, wakapakiwa alfajiri na kuletwa kwenye ufuo wa Ziwa Victoria kuwatazama wanyama. Wazazi wamelipa nauli na kiingilio. Walimu wamejaza fomu na kuomba vibali. Jioni watoto hurejea makwao wakiwa hoi, sare zimejaa vumbi, na ukiwauliza walichokiona, jibu aghalabu huwa moja: simba. Hapo ndipo linapoanzia swali langu la leo. Je, ziara hizi zinawafunza nini wana wetu? Na bustani ndogo za wanyama zilizomo mijini mwetu zinastahili kuwepo kwa sababu gani?

Nauliza kwa kuwa jambo hili limepita mipaka ya burudani. Mnyama anapotiwa kizimbani hunyang'anywa kitu ambacho hakuna mlo wala tiba inayoweza kukirudisha. Maadamu sisi wanadamu ndio tunaomnyang'anya, ni wajibu wetu pia kuonyesha faida iliyopatikana kutokana na hasara hiyo. Faida ikikosekana, mahali hapo patakuwa gereza, hata tukipaita hifadhi, bustani au kituo cha elimu.

Anayetaka kulipima swali hili hana haja ya kwenda mbali. Kisumu inatosha. Kando ya ziwa, hatua chache kutoka katikati ya jiji, ipo Hifadhi ya Impala, iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ni kipande cha ardhi kisichofika hata nusu ya kilomita mraba. Kilitengwa ili kuwanusuru swalapala waliobaki baada ya mji kutanuka na kuyameza malisho yao. Swala hao huzurura huru, viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na nzohe, yule swala wa vinamasi asiyeonekana kwa urahisi, naye ana makao yake hapo. Lakini umati wa wageni huvutwa na vizimba, ambamo wanyama kama simba, chui na duma huweza kutazamwa kwa karibu.

Upande wa pili wa mji, kando ya barabara iendayo Kericho na Nairobi, yapo Makavazi ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mgeni hukuta boma la Waluo lililojengwa kwa mtindo wa jadi, nyoka, mamba, kobe, na matangi ya vioo yenye samaki wa Ziwa Victoria. Ukiziunganisha sehemu hizi mbili, Kisumu ina kile ambacho miji mingi ya ukubwa wake barani Afrika haina: bustani ya wanyama na nyumba ya samaki, zote zikifikika kwa matatu mchana mmoja.

Kuhusu mahali kama hapa, maoni ya watu yamegawanyika mara mbili. Wapo wanaosema vizimba vyote vivunjwe na wanyama warudishwe porini. Hawa wana hoja nzito. Chui porini huhitaji kilomita nyingi za mraba za kuwinda na kuzurura, na mnyama anayetembea huku na huko kwenye njia ile ile, kutwa nzima, ni mnyama aliyetaabika. Mwanafunzi yeyote mwenye macho makini anaweza kuliona hilo. Hata hivyo, wanaosema hivi husahau kwamba wanyama wengi waliomo katika vituo vyetu hawakunaswa ili waonyeshwe. Kituo cha wanyama mayatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964, kilianzishwa kwa ajili ya wanyama waliofiwa na mama zao au waliojeruhiwa. Mtoto wa chui aliyelelewa kwa chupa ya maziwa, akazoea harufu ya binadamu, si rahisi kurejeshwa mwituni. Atauawa na chui wenzake, au atajipeleka mwenyewe kwenye zizi la mbuzi na kuuawa na mwenye mbuzi. Kuvunja kizimba chake si kumkomboa.

Wapo pia wanaosema kinyume chake: tuongeze wanyama. Tuleteni twiga, tuleteni faru, ili watalii waje na jiji linufaike. Hawa nao nawaelewa, kwani jiji linahitaji riziki. Lakini sioni ni kwa nini ardhi isiyofika nusu kilomita mraba ishindane na Maasai Mara au Ziwa Nakuru katika mambo ambayo mbuga hizo zinayaweza mara elfu zaidi. Anayetaka kumwona simba akiwa simba kweli, aende huko. Anayetaka kuwaona korongo, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, aende Ruma katika Kaunti ya Homa Bay, ambako ndiko peke yake walikobaki nchini Kenya. Bustani ndogo ya mji mdogo ikijaribu kuiga mbuga kubwa itaishia kuwa dhihaka ya mbuga hiyo.

Nionavyo mimi, kambi zote mbili zimesahau jambo moja. Zinabishana juu ya chui na simba, ilhali hazina ya Kisumu imo katika vioo vya samaki.

Nilizuru sehemu zote mbili hivi majuzi, nikawafuata wageni kwa macho kuliko nilivyowafuata wanyama. Mbele ya chui watu walijazana, simu juu, wakimwita kwa miluzi ili ageuke apigwe picha. Mbele ya samaki, kundi la wanafunzi wa shule moja ya msingi lilipita kabla sijamaliza kulitazama tangi la kwanza. Mwalimu wao alikuwa akihesabu vichwa, jambo ambalo simlaumu kwalo, kwa kuwa mwalimu aliyepoteza mtoto hana ziara tena. Mvulana mmoja alibaki nyuma kidogo, akabandika kiganja kwenye kioo, akauliza, "Mwalimu, hawa si ndio wale tunaokula?" Mwalimu akajibu, "Ndio hao. Haya, twende, basi linangoja."

Jibu hilo lilikuwa la haraka, na swali lilistahili muhula mzima. Je, ni kweli kwamba samaki wa Ziwa Victoria ndio wale tunaokula? Babu yake mvulana yule alikula samaki gani? Na samaki hao wako wapi?

Hebu tuirudie historia, kwa maana walio wengi tumeisahau. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Miaka michache baadaye, mnamo 1905, nyavu za kisasa za kutega zililetwa katika ghuba. Kabla ya hapo, wenyeji walivua kwa mitego ya matete, kwa migono na kwa ndoana, na samaki waliyemheshimu kuliko wote mezani alikuwa ngege. Nyavu zilipopata soko lililofunguliwa na reli, ngege alianza kupungua. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilimwagiza mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alichunguze ziwa lote katika miaka ya 1927 na 1928. Graham alipendekeza matundu ya nyavu yasiwe madogo kupita kiasi. Alionya vilevile kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa.

Onyo lake halikusikilizwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta, ambaye ndugu zetu Watanzania humwita sangara, alitiwa ziwani kutoka maziwa mengine. Pamoja naye waliletwa aina nyingine za tilapia, ambazo zilishindana na ngege na mbiru wa asili hadi zikawasukuma pembeni. Samaki anayeitwa ngege sokoni siku hizi, mara nyingi ni huyo tilapia wa kuletwa. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka. Hapo tayari tumepata jibu la kwanza la swali la mvulana yule.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linawahusu fulu. Hawa ni samaki wadogo, wengi wao wa urefu wa kidole au kiganja, ambao wavuvi waliwadharau na watoto waliwavua kwa ndoana za mchezo. Mtu asiyewatazama vizuri hudhani wote ni namna moja. Wataalamu waliokaa nao waligundua kuwa ni takriban aina 500, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Kuna waliokula mwani, waliovunja makonokono kwa meno ya kooni, waliokula mayai na vifaranga vya wenzao, na waliokwangua magamba ya samaki wengine. Majike wao hutunza mayai kinywani mpaka vifaranga waanguliwe. Wataalamu wengi huamini kwamba ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na kwamba wingi huu wote wa aina ulichipuka baadaye. Katika hesabu ya viumbe, huo ni muda wa kupepesa jicho. Wanabiolojia duniani hawakujua mfano mwingine kama huo wa viumbe wenye uti wa mgongo.

Uchunguzi uliofanywa karibu na mwaka 1970 ulionyesha kuwa fulu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Kisha, katika miaka ya 1980, idadi ya mbuta ililipuka, na kwa miaka michache tu fulu wakatoweka katika sehemu kubwa ya maji. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea au zilikaribia kupotea kabisa. Hayo yote yametokea katika umri wa watu walio hai. Kama wewe ni mwalimu uliyezaliwa Nyanza kabla ya mwaka 1975, huenda ulipokuwa mtoto ulimshika mkononi samaki ambaye leo hayuko tena duniani.

Haki inanilazimisha kueleza pia upande wa pili. Mbuta alileta fedha. Alileta viwanda vya minofu Kisumu, Homa Bay na Migori, ajira kwa vijana, na sarafu za kigeni kwa taifa. Wako watoto waliosomeshwa na mbuta hadi chuo kikuu, na si ajabu baadhi yao wanayasoma maneno haya. Lakini fedha hizo hazikuja bila gharama. Fulu na omena walianikwa juani wakakauka; mbuta ana mafuta mengi, hivyo sharti abanikwe au akaangwe, na kuni zikakatwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mama wa sokoni akabaki kuuza vichwa na mifupa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipoweka marufuku ya mara kwa mara kwa kuhofia maradhi na sumu, viwanda vilisimama na waliokuwa wakimtegemea samaki mmoja wakajua maana ya kutegemea samaki mmoja.

Mbuta hakuwa mkosaji pekee. Maji taka ya miji, mbolea inayoteremshwa na mvua kutoka mashambani na udongo wa milima iliyokatwa misitu vililifanya ziwa kuwa na rutuba kupita kiasi. Mwani ukastawi, hewa ya oksijeni ikapungua vilindini, na maji yakawa tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, liliingia na kuifunika Ghuba ya Winam hadi meli na mitumbwi ikashindwa kupita. Wadudu maalumu wa kulila walipofunguliwa ziwani lilipungua, lakini kila baada ya miaka kadhaa hurudi.

Sasa tazama jinsi tope linavyoweza kuua aina ya samaki bila kumuua samaki hata mmoja. Kuna jamii ya fulu ambao wanasayansi wameipa jina la Kiswahili, Pundamilia. Mojawapo ya aina zake inaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume la aina hiyo lina rangi nyekundu. Dume la aina ya jirani yake lina rangi ya buluu. Jike humtambua mume wa kwao kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwanga unapopunguzwa rangi, kama unavyopungua katika maji machafu, jike hawezi tena kubagua. Aina mbili huzaana ovyo na hatimaye huwa moja. Uchafu wa miji yetu unafuta mipaka ambayo maumbile yaliichora kwa maelfu ya miaka.

Mwalimu wa sayansi anayesoma hapa ameshaona ninapoelekea. Jaribio hilo lilifanywa katika matangi ya vioo. Linahitaji tangi, samaki, na taa mbili za rangi tofauti. Ni somo la mwanga, la urithi, la mazingira na la uraia kwa pamoja, na mhusika wake mkuu ana jina ambalo mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki anaweza kulitamka. Ni somo gani ambalo chui aliyelala kizimbani anaweza kutoa likalinganishwa na hilo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengine waliiona thamani ya samaki hawa mapema kuliko sisi. Tangu miaka ya 1990, bustani za wanyama na nyumba za samaki za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiwafuga fulu wa Ziwa Victoria na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi, ili wasitoweke. Wamo miongoni mwao samaki ambao ziwani hawaonekani tena. Siwalaumu wanaowafuga, nawashukuru, maana bila wao pengine tungebaki na michoro tu. Lakini ni aibu kwetu kwamba mtoto wa Ulaya anaweza kupelekwa na shule yake Jumatano asubuhi kumwona samaki wa Nyanza, na mtoto wa Nyanza hajawahi hata kuambiwa kuwa samaki huyo aliwahi kuwepo.

Wala si lazima tuagize kila kitu kutoka ng'ambo. Katika Kaunti ya Siaya, pembeni mwa kinamasi cha Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Mafunjo ya kinamasi hicho yalimzuia mbuta asiingie, na kwa sababu hiyo ngege wa asili amesalia humo pamoja na fulu kadhaa. Kanyaboli ni safina. Lakini safina yenyewe imo hatarini, kwa kuwa kinamasi cha Yala kimegombaniwa kwa miongo mingi na wale wanaotaka kukikausha walime. Mtu atakitetea vipi kinamasi kama hajui kilichohifadhiwa ndani yake? Na atajua vipi kama hakuna aliyemwonyesha?

Hii ndiyo maana ninasema bustani ndogo ya mji inaweza kuwa darasa. Kazi yake ya kwanza ingekuwa kuwaonyesha watu wa mahali pale kile kilicho chao, ambacho hawawezi kukiona kwa macho matupu kwa sababu kimefichwa na maji, na ambacho kinaweza kupotea bila wao kujua. Tembo akitoweka, mlio utasikika dunia nzima. Fulu akitoweka chini ya mita arobaini za maji, nani atapiga ukemi?

Huko pwani tumeshapata mfano wa jinsi mahali padogo panavyoweza kuwa na somo lake mahususi. Bustani ya Haller, Bamburi, ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, mpaka kazi ya kuotesha miti ilipoanza mwaka 1971. Watoto wengi humjua kwa ajili ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee. Kisa hicho kilivuma duniani. Lakini mgeni aliyeelekezwa vizuri hutoka akiwa amejua pia jinsi miti, majongoo na samaki walivyogeuza mawe kuwa udongo na udongo kuwa msitu. Hilo ndilo somo lisilopatikana Mara wala Tsavo. Kisumu nayo ina somo lake, na somo hilo ni ziwa.

Najua nitapingwa. Ataniambia mmoja kwamba samaki ni ghali kuwatunza: pampu zinahitaji umeme, umeme ukikatika kwa saa kadhaa samaki wanakufa, na vioo huota mwani kila wiki. Ni kweli. Lakini simba mmoja hula kilo kadhaa za nyama kwa siku, na fulu mia moja hawali kilo moja ya chochote kwa siku. Tangi la lita mia chache linaweza kutunza familia nzima ya aina moja ya fulu na likampa mwanafunzi nafasi ya kuona mapenzi, uzazi, malezi na vita, vyote katika saa moja. Mwingine atasema kwamba watoto hawapendi samaki. Mvulana aliyebandika kiganja kwenye kioo hakuwa amechoshwa. Aliondolewa.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, maana kulalamika bila kupendekeza ni kelele. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umetutaka tuwafunze watoto kwa kutenda na kuchunguza. Ziara ya Kisumu ni nafasi ya kufanya hivyo, iwapo tutaiandaa.

Kwanza, kazi ianze nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Kila mwanafunzi amwendee babu, bibi au mzee yeyote wa kijiji, aandike majina ya samaki wote waliokuwa wakiliwa zamani: ngege, mbiru, ningu, fulu, kamongo, mumi, omena na wengineo. Kisha aulize ni wepi walioonekana sokoni mwaka huu. Darasa likiunganisha orodha hizo kwenye karatasi moja kubwa, watoto watakuwa wamefanya utafiti kabla hawajapanda basi. Walio mbali na ziwa wanaweza kuulizia samaki wa mito yao, kwani Nzoia, Yala, Nyando na Sondu zote humwaga maji humo.

Pili, wakifika mbele ya matangi, wasipitishwe kama abiria. Kila kundi la watoto watano lipewe tangi moja na dakika thelathini. Wachore umbo la kinywa, wakisie chakula chake, kisha waulize kama walipatia. Wakimpata kamongo, wahesabu ni baada ya dakika ngapi anapanda juu kuvuta hewa, wajiulize samaki mwenye mapafu anahitaji mapafu ya nini. Jibu litawafikisha kwenye kiangazi, kwenye tope linalokauka, na kwenye samaki anayejifukia ndani yake akisubiri mvua.

Tatu, mbele ya vizimba wasiulize tu jina la mnyama. Waulize wasifu wake: alitoka wapi, aliletwa kwa sababu gani, na je, kuna siku atarudi? Wahesabu amezunguka njia ile ile mara ngapi kwa dakika kumi. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo hatapiga miluzi tena, na akikua atakuwa na haki ya kutoa maoni yake kuhusu vizimba, kwa kuwa atakuwa amepima badala ya kufuata mkumbo.

Nne, ziara isiishie langoni. Ufuo wa Dunga uko karibu na Hifadhi ya Impala. Wanafunzi wakawatazame wavuvi wakishusha samaki, wapime urefu wa samaki na upana wa matundu ya nyavu, waulize bei na safari ya samaki kutoka hapo hadi sahani. Wakirudi shuleni waandike insha ambayo swali lake si "Ziara niliyoifurahia", swali ambalo tumelichosha, bali "Nani amekula samaki wa babu yangu?"

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Makavazi, KWS, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye kituo chake Kisumu, vyuo vikuu kama Maseno, na serikali za kaunti zinazolizunguka ziwa, vyote haviko mbali sana. Kinachohitajika ni kukaa meza moja na kuamua kwamba Kisumu iwe mahali ambapo ngege wa asili, mbiru na fulu watatunzwa, watazalishwa na kuonyeshwa, wakianzia na wale wa Kanyaboli. Maelezo ya kila tangi yaandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo pamoja na Kiingereza, ili mvuvi aliyemleta mwanawe aweze kusoma na kusahihisha pale watakapokosea. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde aina mbalimbali za viumbe, na inamtaka kila raia ashirikiane nayo. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba viumbe hao ni wale wenye manyoya tu.

Muda nao hautungoji. Ziwa lilipanda mwaka 2020 hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, likaingia mashambani, majumbani na kwenye fuo za Kisumu. Hali ya hewa inabadilika, watu wanaongezeka, na maji taka yanaongezeka pamoja nao. Watakaoamua hatima ya ziwa hili miaka ishirini ijayo wako darasani leo, na baadhi yao wameketi katika yale mabasi ya muhula wa pili. Samaki mkunje angali mbichi, waliokuwako walisema, na hawakusema hivyo kwa kuwazia upishi.

Basi mwalimu, utakapopanga ziara yako ijayo, waonyeshe watoto simba wakitaka. Kisha warudishe mbele ya kioo, uwape muda, na usikimbilie kujibu maswali yao. Tusipofanya hivyo, siku itafika ambapo mwanafunzi wa Kisumu anayetaka kumwona fulu wa ziwa la kwao atalazimika kwanza kuomba viza.